Upepo wa Turkana, waya wa Arusha

Jana umeme ulikatika hosteli nikiwa katikati ya andalio la somo. Nimekaa gizani, Meru hata haionekani, nikawakumbuka jirani zetu wa Kenya.

Mitambo 365 ya upepo pale Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, megawati 310, ilikamilika 2017. Ikakaa bure zaidi ya mwaka, maana laini ya kwenda Suswa, zaidi ya kilomita 400, haikuwa tayari. Iliingia gridi Septemba 2018.

Usiku wa Agosti 25, 2023, karibu Kenya nzima giza. Kenya Power wakasema Turkana ilitoka ghafla, wenye mradi wakajibu tatizo lilianzia kwenye gridi. Vyovyote vile, umeme mwingi ukitoka kwa mpigo, ile mizunguko 50 kwa sekunde inashuka, na mitambo mingine inajizima kujilinda.

Upepo hauna ratiba, unahitaji mwenza wa kuziba pengo haraka, kama mabwawa. Ndiyo maana ya laini ya kilovolti 400, Isinya, Namanga, Arusha hadi Singida: tunasaidiana. Ila ukiunganishwa na jirani, yakimfika yanaweza kukufika na wewe.

Mnaonaje wadau? Ngoja nimalizie andalio kabla haujakatika tena.