Kurejea na kurejelea

Mvuvi akirudi kutoka baharini, husemwa amerejea. Ongeza silabi moja tu, iwe rejelea, na neno linahama ufukweni na kuingia chuo kikuu: mtafiti anarudi kwenye andiko la mwenzake kuchukua ushahidi. Maandiko hayo huorodheshwa mwisho wa kitabu na kuitwa marejeo. Asili yake ni Kiarabu, na huko pia ni kurudi.

Siku hizi marejeo yanahesabiwa kama magoli. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California alipendekeza kipimo cha h. Chukua daktari mwenye makala 5, zilizorejelewa mara 30, 12, 4, 3 na 1. H yake ni 3, kwa kuwa angalau makala 3 zimefikisha marejeo 3 au zaidi kila moja, lakini hakuna makala 4 zilizofikisha 4. Ile ya 30 hata ingerejelewa mara 3,000, h haisogei. Ubahili ulioje!

Tena kuna kazi ambayo kipimo hiki hakiioni. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Kampala, alichapisha mwaka 1958 makala kuhusu uvimbe wa saratani kwenye taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari wiki 10 hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali nani ameuona. Leo saratani hiyo inaitwa kwa jina lake, na wengi hulitaja jina bila kuirejelea makala. Hapo kikokotoo cha h hakisikii kitu.