Mizani ya Langoni

Neno "posho", ambalo leo hulitumia wakubwa kwa fedha za safari zao, zamani lilikuwa neno la wapagazi. Lilikuwa ni chakula alichopimiwa mpagazi wa msafara, au nguo na shanga za kununulia chakula hicho njiani. Misafara iliyopita chini ya Kilimanjaro katika karne ya 19, ikitokea pwani na kupitia Taveta, ilikwenda kwa vipimo viwili: posho na frasila. Frasila moja ni ratili 35 hivi, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikaribia frasila mbili, yaani kama kilo 30, kichwani au begani. Mwenye msafara aliyeijua kazi yake alivitazama vipimo vyote viwili. Aliyezidisha frasila na kupunguza posho aliweza kuamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo.

Naanza huko mbali kwa sababu siku hizi afya ya mfanyakazi kazini huzungumzwa kwenye semina za hotelini kana kwamba ni elimu mpya. Sisi tunaoishi kwenye miteremko ya mlima huu tuna habari yake ndefu, tena mbele ya macho yetu.

Watoto wa shule hufundishwa kwamba Hans Meyer, Mjerumani, na Ludwig Purtscheller, Mwaustria, walifika kilele cha Kibo mwezi Oktoba 1889. Ni mara chache mtoto huelezwa kwa nini walifaulu safari hiyo, ilhali Meyer alikwisha kushindwa huko nyuma. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa chakula. Meyer aliweka kambi kadhaa mlimani zenye akiba, ili wakishindwa siku moja wasilazimike kushuka hadi chini kabla ya kujaribu tena. Akiba hiyo haikupanda yenyewe. Kikosi chake kilikuwa na wanyapara wawili, wapagazi tisa, mpishi na kiongozi. Mzee Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu alitambuliwa katika maadhimisho ya miaka 100, mwaka 1989, kuwa ndiye aliyekuwa kiongozi, na aliishi hadi 1996. Kilele chenyewe kilipewa jina la Kaisari wa Ujerumani, na sisi tulipopata Uhuru tukakiita Uhuru. Wale tisa hawakuitiwa hata jiwe.

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Kadiri wageni walivyoongezeka, bei ya kahawa nayo ikizidi kuyumba, ndivyo vijana wetu walivyozidi kwenda malangoni kutafuta safari. Kazi yenyewe msomaji anaijua kwa kuiona. Mpagazi hubeba hema, jiko, maji na mkoba wa mgeni, hutangulia mbele ili mgeni afikapo akute chai imechemka, na kesho yake hivyo hivyo. Asiyoyaona msomaji ni haya: Horombo ni zaidi ya mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, na kibanda cha Kibo ni kama mita 4,700. Usiku maji huganda. Hewa ni nyembamba, na mtu aweza kujaa maji mapafuni au kuvimba ubongo akafa, awe amezaliwa Marangu au Berlin. Kuzaliwa chini ya mlima si kinga, kwa maana migomba yetu haioti juu huko. Mgeni amevaa koti la manyoya ya bata na kulala katika mfuko mnene. Wa kwetu wengi walipanda na sweta la mtumba kutoka soko la Memorial na raba zilizochoka, wakalala wamebanana katika hema la kulia chakula, na ugali ukawa mara moja kwa siku.

Wapagazi wenyewe hujiita "wagumu". Naiheshimu fahari iliyomo katika jina hilo, lakini silipendi. Mtu akishaitwa mgumu, nani atamuuliza kama amekula?

Katika miaka ya 1990, nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, wanachuo kadhaa walikuwa wakibeba mizigo wakati wa likizo ili wapate nauli na ada za wadogo zao. Mmoja alirudi muhula ulipofunguliwa akiwa na vidole viwili vya mguu vyeusi kwa baridi, na kikohozi kisichokoma. Nilimwuliza kampuni iliyompeleka imemsaidia nini. Akanijibu, "Mwalimu, mimi si mfanyakazi wao. Mimi ni wa safari moja tu." Nilimwandikia mwenye kampuni barua mbili. Hazikujibiwa. Kidole kimoja kilikatwa, na kijana akamaliza chuo akichechemea kidogo.

Jibu lile la kijana ndilo kiini cha mambo yote. Teremka kutoka mlimani hadi Arusha Chini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC, yaliyoanza miaka ya 1930. Huko kuna geti, kuna orodha ya wafanyakazi, na kuna hospitali ya kampuni. Sitaki kusema kwamba kukata miwa ni kazi ya raha. Nasema tu kwamba mkata miwa anajulikana ni wa nani. Hata sisi walimu, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, tulikatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri akaweka 3 nyingine, tukapewa kadi, kwa kuwa mwajiri wetu alikuwa mmoja na hakuwa na pa kujificha. Mpagazi hubadilisha mwajiri kama mtu abadilishavyo basi.

Sheria nazo zilipokuja zilimpita pembeni. Mwaka 2003 ilitungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Lakini sehemu ya sheria hii ihusuyo mikataba humwacha nje mtu afanyaye kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Safari ya kawaida ya njia ya Marangu, kwenda na kurudi, ni siku 5! Sidhani kama mtunga sheria alikuwa akiufikiria mlima wetu.

Mabadiliko ya maana nimeyaona yakitoka kwenye mizani. Hifadhi iliweka kiwango cha kilo 20 kwa mzigo wa kampuni, na mizigo hupimwa langoni. Pia mwaka 2003 ulianzishwa mjini Moshi mradi wa kuwasaidia wapagazi, ujulikanao kwa kifupi KPAP, ambao huwaazima nguo za baridi bila malipo, na huwauliza wao wenyewe baada ya safari: mlilipwa nini, mlikula mara ngapi, mlilala wapi? Kampuni zilizokubali kuulizwa hivyo hutajwa kwa wageni, na mgeni mwenye fedha huchagua. Nauona ni ujanja mzuri, maana unamfanya mwajiri aogope kukosa wateja pale asipoogopa sheria.

Bado wapagazi hunisimulia kwamba langoni mzigo hugawanywa ili mizani iridhike, na mbele kidogo msituni hukusanywa upya, wawili watatu wakarudishwa nyumbani bila siku yao. Mizani hupima kilo, na tumbo la mbebaji hupita bila kupimwa.

Mwaka 2023 ilitungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Nimeshaulizwa na jirani yangu, baba wa watoto wanne, ambaye mwaka mmoja amepanda na kampuni tisa: "Mwalimu, katika hawa tisa, ni nani ataniandikisha?" Nilimshauri aweke daftari, aandike kila safari, tarehe, kampuni na malipo, na kiongozi atie sahihi. Amenunua daftari. Viongozi watatu wametia sahihi mpaka sasa, na wanne wamekataa.