Njia Mbili za kwenda Ujiji

Msafara uliotoka Tabora kwenda Ujiji katika karne ya 19 ulishika magharibi, ukapita nchi ambayo leo ni wilaya za Urambo na Kaliua, ukavuka mto Malagarasi na kuingia Uvinza penye chumvi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, walioingia Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, walifika Ziwa Tanganyika kwa upande huo Februari 1858, na reli ya Wajerumani iliyofika Kigoma mwaka 1914 haikwenda mbali na nyayo za wapagazi. Mwaka 1871 njia ikafungwa. Kwa masimulizi ya msafiri Stanley, mtemi Mirambo wa Urambo aliuzuia msafara mmoja, akadai vipipa vitano vya baruti, bunduki tano na marobota matano ya nguo. Alipokwisha kulipwa, akawaamuru warudi walikotoka. Mwezi Agosti Waarabu wa Tabora wakaivamia Ulyankulu, ambayo sasa imo Kaliua. Waliiteka, wakajitwisha pembe za ndovu na mateka, na wakiwa njiani kurudi wakaviziwa. Kiongozi wao, Soud bin Said, akauawa. Stanley, aliyejiunga nao na kuishia kulazwa na homa kambini, akaamua kuzunguka kusini, kupitia Ugunda na Ukonongo, hadi akatokea Ujiji.

Tuwaze karani aliyeketi Ujiji akiandika kila msafara unaoingia, bila kuuliza umepitia wapi. Daftari lake ni rundo moja. Likilinganishwa baadaye na daftari la Tabora lililoandika nani alitoka kwa mlango gani, rundo linagawanyika mara moja: wa Urambo huku, wa Ukonongo kule. Hakuna mpagazi aliyebadilishiwa njia kwa kuwa daftari la pili limefunguliwa mwaka uliofuata. Jambo hili linaonekana dogo mno kutajwa, lakini ndilo linalosahauliwa kila watu wanaposimulia jaribio la kifutio cha kwanta, wakidai kwamba uamuzi wa leo umegeuza yaliyotendeka jana.

Wazo la jaribio hilo lilitolewa na Scully na Drühl mwaka 1982. Lililovuma zaidi ni lile la Kim, Yu, Kulik, Shih na Scully, la Chuo Kikuu cha Maryland, Baltimore County, lililochapishwa mwaka 2000. Mwanga hupita kwenye mianya miwili, na nyuma yake kuna fuwele inayogeuza fotoni moja kuwa pacha wawili. Pacha wa kwanza huenda kwenye kigunduzi kinachosogezwa hatua kwa hatua ili kuandika kila mmoja ameangukia wapi. Wa pili husafiri mbali zaidi, hukutana na vioo vinavyopitisha nusu ya mwanga na kurudisha nusu, na takriban nanosekunde 8 baada ya mwenzake kupokewa huishia kwenye kimojawapo cha vigunduzi vinne. Viwili kati ya hivyo hueleza mwanya uliotumika. Viwili vingine hupokea mwanga uliochanganywa kutoka mianya yote miwili, hivyo habari ya njia imefutika. Ukitazama kumbukumbu ya pacha wa kwanza peke yake, unaona mwinuko mmoja laini, bila mistari, siku zote. Wachambue wale ambao wenzao walifika kwenye kigunduzi cha kwanza cha kuchanganya: mistari ya mwangaza na giza inajitokeza. Wachambue wa kigunduzi cha pili: mistari ipo pia, ila pale penye giza kwa wa kwanza, hapa pana mwangaza. Jumlisha makundi hayo mawili, na mistari inatoweka.

Atakayepinga atasema pacha wa kwanza alikwisha kutua kabla ya mwenzake kufika kwenye vioo, kwa hiyo lazima kilichofuata kimerudi nyuma kumgusa. Hapana. Kama kingemgusa, kumbukumbu yake peke yake ingebadilika kulingana na yaliyompata mwenzake, na haibadiliki hata chembe. Wapo wanafizikia wanaoshikilia kwamba kila fotoni ina njia yake halisi. Hata kwao, mistari haionekani mpaka kumbukumbu mbili zilinganishwe.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: ikiwa ni kuchambua tu, basi kuna ajabu gani kuliko misafara? Hapa ndipo mfano wangu unapofika mwisho. Daftari la Ujiji laweza kugawanywa kwa njia, kwa mwenye mali na kwa mzigo, yote kwa pamoja na kwa msafara uleule, kwa sababu nyayo za wapagazi zilikuwa mahali fulani hata kama karani hakuuliza. Pacha wa mwanga hawakubali hivyo. Jozi iliyotumika kutambua mwanya haiwezi tena kuingizwa kwenye mistari, na iliyoingia kwenye mistari haina mwanya wa kutambuliwa.

Kwa mwanahistoria, hata hivyo, sehemu ya kwanza ya mfano inatosha kumtia adabu. Mwaka 1876 Stanley alikutana na Mirambo, wakachanjiana, na aliyeitwa jambazi akageuka shujaa katika maandishi ya mtu yuleyule. Mkutano huo haukubadilisha chochote cha Ulyankulu. Lakini viweke vipipa vitano vya baruti kando ya kisa cha Mnywa Sele, mtemi wa Unyanyembe, aliyetaka kuwatoza kodi wafanyabiashara wa Tabora, akaondolewa karibu mwaka 1860 na mahali pake akawekwa Mkasiwa, aliyewafaa zaidi. Vikisomwa pamoja, ugomvi wa 1871 unaacha kuwa unyang'anyi wa mtu mmoja. Unakuwa ugomvi wa nani mwenye haki ya kutoza njia inayopita nchini mwake. Katikati ya miaka ya 1870 Waarabu walipatana na Mirambo, na misafara ikarudi kupita kwake kuelekea Malagarasi.