Kukonyeza na Kuchezwa: Historia ya Istilahi Moja ya Tiba

Mwaka 1825 tabibu Mfaransa, Itard, alieleza habari za mwanamke aliyetikisika na kupayuka bila hiari yake. Mwaka 1885 Gilles de la Tourette, huko Paris, akaeleza wagonjwa tisa wa namna hiyo. Hata hivyo, wataalamu wengi waliyadhania maradhi hayo kuwa udhaifu wa nia, mpaka dawa ya haloperidoli, katika miaka ya 1960, ilipoelekeza utafiti kwenye ubongo.

Dhana hiyo ya kale yaweza kurejea kwa njia ya lugha. Mwalimu wa Nanyamba, mkoani Mtwara, akiandika kwamba mwanafunzi "anakonyeza" au "anajikohoza", amekwisha kumhukumu, kwa kuwa vitenzi hivyo vimebeba kusudi. "Kifafa" ni maradhi mengine. Na "tiki", shuleni, ni alama ya jibu sahihi.

Lakini Kiswahili husema "jicho linanicheza": jicho ndilo mtenda, mwenye jicho ni mtendwa. Kwa hiyo twapendekeza "kuchezwa na viungo" na "kutokwa na sauti". Mtoto aweza kujizuia kwa kitambo, kama azuiavyo chafya. Na chafya haiadhibiwi.