Kanuni za Michuki na kidhibiti mwendo

Tangazo la Kisheria namba 161 la mwaka 2003, ambalo Wakenya walilipachika jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, lilianza kutekelezwa tarehe 1 Februari 2004. Kila matatu, yaani gari la abiria la watu binafsi, ilitakiwa kufungwa kidhibiti mwendo ili isizidi kilomita 80 kwa saa, kuwa na mkanda katika kila kiti na kupakwa mstari wa manjano ubavuni. Matatu aina ya Nissan zilizokuwa zikibeba abiria 18 zilishushwa hadi 14. Dereva na makanga wakavalishwa sare.

Tangu Rais Jomo Kenyatta aziruhusu mwaka 1973 kubeba abiria bila leseni maalumu, matatu zilikuwa zimeenea kuliko uwezo wa serikali wa kuzisimamia. Mwenye gari alidai kiasi fulani kila jioni. Kilichozidi ndicho kilichokuwa riziki ya dereva na makanga, na kilipatikana kwa kukimbia. Kanuni hazikuyagusa mapatano hayo. Ziliubana mguu wa dereva tu.

Wenye magari wengi waliyaegesha mwanzoni, na wakazi wa Nairobi wakaenda kazini kwa miguu, lakini Michuki hakulegeza kamba. Kilichodumu zaidi ni kile kinachoonekana kwa macho: viti 14 vinahesabika dirishani. Kidhibiti kilifichika ndani ya gari, na fundi aliweza kukata waya kisha kuurudisha siku ya ukaguzi. Mikanda ilifungwa polisi wakionekana mbele (mingi ilikuwa michafu, na huo si udhuru mdogo kwa mwenye shati jeupe). Michuki alihamishiwa wizara nyingine mwishoni mwa 2005, na ukali ukapungua.

Mwaka 2012 Bunge liliongeza adhabu za barabarani na kuunda mamlaka ya usalama barabarani, NTSA. Kipima ulevi, maarufu kama alcoblow, kilirudi mwishoni mwa 2013, lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ilibatilisha kanuni zake kwa kuwa zilipingana na Sheria ya Trafiki iliyozizaa.

Novemba 2018 msako wa kutekeleza kanuni za Michuki ulifufuliwa, na watu wakatembea tena. Safari hii kidhibiti kilichotakiwa kilikuwa cha kidijitali, chenye kuhifadhi kumbukumbu za mwendo na kuzituma kwa NTSA, hivyo kukata waya pekee hakukutosha kuficha kasi.