Siku ya Mgonjwa ni ya Nani? Tiba Kazi katika Vituo vya Kulaza

Mtu akilazwa kwa miezi katika hospitali ya afya ya akili kama Mirembe ya Dodoma au Mathari ya Nairobi, au akipokewa katika nyumba ya upataji nafuu ya waraibu wa heroini kule Unguja au Tanga, hupumzishwa mambo mengi kwa mkupuo. Haamui tena saa ya kuamka. Hapiki, haendi gengeni, hahesabu nauli, hakumbuki mwenyewe saa ya dawa. Kituo humbebea yote hayo kwa nia njema, na katika wiki za kwanza, anapokuwa hoi, kinafanya vyema. Tatizo huanza baadaye, nguvu zinaporudi na bado hakuna anachoachiwa. Uwezo usiotumika hudhoofika. Aliyekuja kutibiwa ugonjwa mmoja anaweza kutoka na ulemavu wa pili ambao hakuna aliyeuandika kwenye faili.

Hoja yangu ni kwamba ulemavu huo wa pili ndio shughuli kuu ya mtaalamu wa tiba kazi, yaani anayetibu kwa kutumia shughuli za kila siku, katika vituo hivi, na hawezi kuukabili akiwa amefungiwa kwenye chumba cha kusuka vikapu. Anahitaji kauli juu ya ratiba ya kituo kizima: jiko, ufuaji, lango, hata saa ya kuzima taa.

Mwaka 1961 mwanasosholojia Erving Goffman alieleza katika kitabu chake *Asylums* jinsi taasisi inayomshika mtu usiku na mchana inavyombadilisha. Kipindi hichohicho watafiti John Wing na George Brown walikuwa wakilipima jambo hilo kwa subira ninayoistahi hadi leo. Waliwafuatilia wanawake wenye skizofrenia ya muda mrefu katika hospitali tatu za Uingereza, kuanzia 1960 hadi 1968, na kuchapisha matokeo yao 1970. Waliuliza maswali ya kawaida kabisa. Mgonjwa ana nguo na vitu vyake mwenyewe? Hutoka nje ya wodi? Hukaa saa ngapi bila kufanya lolote? Penye maisha duni zaidi, kujitenga, ukimya na ukosefu wa hamu vilizidi. Hali ya wodi ilipoboreshwa, jambo lililoambatana zaidi na nafuu lilikuwa kupungua kwa saa za kukaa bure. Wing na Brown hawakudai kwamba hospitali ndiyo iliyoumba ugonjwa, na ni vyema tusiwasingizie. Walichoonyesha ni kwamba sehemu ya kile tunachokiita ugonjwa hutegemea jinsi siku inavyopita, na sehemu hiyo inatibika.

Waasisi wa taaluma hii walilijua hilo mapema. Eleanor Clarke Slagle, mmoja wa waliokutana Clifton Springs, New York, mwaka 1917 kuunda chama cha kwanza cha tiba kazi nchini Marekani, aliendeleza mafunzo ya mazoea kwa wagonjwa walioonekana kuwa wameshindikana. Mafunzo hayo yaliigusa siku nzima: kuamka, kuoga, kula, kufanya kazi, kucheza, kulala. Adolf Meyer, daktari wa akili aliyefanya naye kazi Baltimore, aliandika mwaka 1922 kwamba afya hukaa katika uwiano wa kazi, mchezo, mapumziko na usingizi. Ufundi wa mikono ulikuwa nyenzo moja tu kati ya nyingi. Ikawaje basi vikapu vikatawala? Nadhani ni kwa sababu kikapu huonekana. Huuzwa, na mgeni rasmi akija hupangwa mezani akapigwa picha. Mgonjwa aliyeanza kuamka bila kuitwa hana namna ya kupangwa mezani.

Tanzania iliwahi kuthubutu zaidi ya vikapu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji vya kilimo kwa ajili ya utengamao wa wagonjwa wa akili, Hombolo nje ya mji wa Dodoma kikiwa kati ya vinavyojulikana zaidi; Dar es Salaam kukawa na Vikuruti. Wazo lilikuwa bora kwa wakati wake: mkulima alitibiwa akiwa shambani, akifanya alichokuwa akikifanya kwao. Jembe lilikuwa daraja la kumrudisha nyumbani. Lakini jembe hilohilo kwa kijana wa Temeke aliyekuwa akiendesha bodaboda au kutengeneza simu halimrudishi popote. Tiba kazi hupimwa kwa maisha anayoyaendea mgonjwa, na mashamba ya kituo, hata yastawi vipi, si kipimo chake.

Ipo pia hatari ya kumgeuza mgonjwa kibarua. Marekani ilipitia hilo kwa uchungu. Kwa miongo mingi wagonjwa waliendesha mashamba, jikoni na dobi za hospitali za serikali bila ujira. Mwaka 1973, katika kesi ya Souder dhidi ya Brennan, mahakama ya shirikisho jijini Washington iliamua kwamba sheria ya kima cha chini cha mshahara inawahusu nao. Ulikuwa uamuzi wa haki. Hata hivyo hospitali nyingi, badala ya kulipa, ziliondoa kazi, na wagonjwa wakabaki wameketi kwenye mabenchi. Unyonyaji ulikoma, pakaja ule ukaaji bure ambao Wing na Brown walikuwa wameonyesha madhara yake miaka mitatu tu kabla. Hapa ndipo mtaalamu anapohitajika, kwa kuwa ndiye aliyefunzwa kuuliza kama mgonjwa aliichagua kazi hiyo, ni uwezo gani unaojengwa, na itakoma lini. Anayefagia wodi mwaka wa pili ilhali alishajua kufagia wiki ya kwanza hatibiwi, anatumikishwa.

Nyumba za upataji nafuu zina hali tofauti, na mimi huzitazama kwa matumaini zaidi. Huko siku haiko tupu: kuna zamu za usafi, zamu za kupika, vikao vya hatua 12 za kuacha uraibu. Waziendeshao, wengi wao wakiwa wamepona uraibu wenyewe, wanajua jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Teja si mtu asiye na shughuli. Arosto, yaani mateso ya kukosa dawa, huanza saa chache baada ya kete ya mwisho, hivyo siku yake ina ratiba kali kuliko ya karani: kutafuta hela, kutafuta kete, kujificha, kuanza upya. Heroini ikiondoka, ratiba hiyo nzima huondoka nayo. Nyumba humpa nyingine, lakini ni ya nyumba, na siku anayotoka huiacha palepale. Methadoni, dawa mbadala ya heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, huzuia arosto; haijazi saa zinazofuata baada ya dozi ya asubuhi. Mtaalamu wa tiba kazi angeanza na saa kumi jioni, saa ambayo miguu ya mtu huyu ilizoea kwenda kijiweni, na kupanga naye, wiki kadhaa kabla hajatoka, atakuwa wapi saa hiyo, na nani, akifanya nini, kwa nauli ipi.

Kipimo kizuri cha mtaalamu huyu ni jiko. Mpe mgonjwa hela ya ugali na mchicha wa watu wawili, kisha mwache apange. Ataonekana kama anaweza kuanza bila kusukumwa, kama anapotea kati ya hatua moja na nyingine, kama mikono inatetemeka kwa sababu ya dawa ya haloperidoli. Daktari hawezi kuyaona hayo akiwa mezani kwake. Najua jibu la wasimamizi: kuna visu, kuna moto, na wataalamu ni wachache. Visu huhesabiwa kabla na baada, na si kila mgonjwa huanzia kwenye kisu. Kuhusu uchache, Kenya imekuwa na sheria ya kusajili wataalamu hawa tangu 2014, na chuo cha KCMC Moshi kimewafunza wengi wa Tanzania, lakini bado hawatoshi. Ndiyo sababu mtaalamu mmoja aliye peke yake asipewe chumba na wagonjwa kumi, bali kiti kwenye kikao kinachopanga zamu, ili muuguzi wa usiku na mpishi waifanye kazi hiyo pamoja naye. Na mgonjwa asiruhusiwe kutoka kabla hajaishi walau wiki moja ndani ya kituo kwa ratiba aliyoiandika mwenyewe.