Stelingi Hafi: Filamu za Kung Fu na Kiswahili cha Mwambao wa Tanganyika

Tunapowafundisha wanafunzi wetu historia ya kuenea kwa Kiswahili nchini Burundi, huwa tunataja mambo yale yale: misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyotoka Ujiji, utawala wa Wajerumani uliotumia Kiswahili katika shughuli zake, kuingia kwa Uislamu, na soko la Bujumbura pamoja na mtaa wake wa Buyenzi. Siku hizi tunaongeza Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007. Orodha hii si mbaya, ila inaishia mlangoni mwa banda la video. Makala haya yanakusudia kuingia ndani. Hoja yangu ni kwamba vijana wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac waliokua kati ya miaka ya 1990 na 2010 walipata sehemu ya Kiswahili chao kwa Bruce Lee na Jackie Chan au, kwa usahihi zaidi, kwa watu waliosimama kati yao na Bruce Lee.

Najua baadhi ya wenzangu watatabasamu. Banda la video lilikuwa mahali pa watoro wa shule, na sinema za ngumi zilihesabiwa kuwa upuuzi. Lakini ndugu msomaji akumbuke kwamba Kiswahili chenyewe, katika sehemu kubwa ya Burundi, kilibeba sifa ya namna hiyo hiyo. Kumwita mtu Mswahili kulikuwa karibu na kumwita mjanja wa mjini asiyeaminika. Lugha iliyodharauliwa na sinema iliyodharauliwa zilikutana kwenye chumba kimoja chenye joto, na sisi walimu hatukuwepo.

Rumonge iko kusini mwa Bujumbura, mwendo wa kilomita sabini na kitu kando ya ziwa. Ilikuwa sehemu ya Bururi, ikafanywa mkoa mwaka 2015, na mwaka 2025, mikoa ya nchi ilipopunguzwa kuwa mitano, ikaingizwa Burunga. Ni mji wa mawese, mukeke na ndagala, wale ambao ndugu zetu wa Kigoma huwaita dagaa. Ng'ambo ya maji ni Kongo, na ukishuka kusini kupita Nyanza-Lac unaingia Tanzania. Biashara ya namna hiyo haiendeshwi kwa Kirundi peke yake. Tena uvuvi wa ndagala hufanyika usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mvuvi hana kazi, kwani taa yake haivuti samaki. Siku hizo katika kila mwezi kulikuwa na vijana wenye nafasi ya kukaa kitako saa nne mfululizo. Mwenye banda alihitaji deki, televisheni na jenereta, basi.

Kuna sababu nyingine, nzito zaidi. Filamu ya Fist of Fury ya Bruce Lee ilitoka Hong Kong mwezi Machi 1972. Mwezi uliofuata, tarehe 29 Aprili, uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, ukaua watu wengi, hasa Watutsi, na serikali ya Micombero ikajibu kwa mauaji ya Wahutu yaliyoenea nchi nzima. Maelfu kwa maelfu walivuka kwenda Tanzania. Wakawekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, na watoto wao wakasoma kwa Kiswahili. Wengine hawakukaa makazini. Mtafiti Marc Sommers, katika kitabu chake cha mwaka 2001 kuhusu wakimbizi wa Burundi jijini Dar es Salaam, anaeleza maisha ya vijana waliotoroka makazi wakawa mafundi cherehani mjini, wakiishi kwa hofu ya kutambuliwa. Kwa kijana wa aina hiyo Kiswahili hakikuwa somo la mtihani. Kutamka r mahali pa l kungeweza kumfichua. Mtu wa hali hiyo hujifunza lugha kwa masikio, popote inaposemwa kwa wingi na kwa kasi, na banda la video ni mahali ambapo unaweza kusikiliza saa nzima bila mtu kukuuliza umetoka wapi. Kuanzia mwaka 2002, na hasa baada ya 2007, wengi walirudi, tena kwenye mwambao huu huu wenye migogoro mikubwa ya ardhi. Walirudi na Kiswahili, na walirudi na mazoea yao ya sinema.

Sasa tumwendee mtu wa kati. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo video ilipoingia ilikuta uwanja mtupu. Kanda zilikuwa za Kiingereza, au kwa upande wetu na wa Zaire za Kifaransa, na watazamaji wengi hawakujua lugha hizo. Ndipo walipozuka watu wa kueleza picha kwa sauti, mwanzo papo hapo bandani, halafu kwa kurekodi sauti zao juu ya kanda na kuziuza. Aliyevuma kuliko wote Tanzania ni Derek Gaspar Mukandala, ambaye watu walimjua kwa jina la Lufufu. Nchini Kenya alikuja DJ Afro, Uganda kuna VJ Jingo na wenziwe, na Rwanda kazi hiyo ina jina lake, agasobanuye, yaani kile kilichoelezwa. Mwanaanthropolojia Mjerumani Matthias Krings aliandika makala juu ya wasimulizi wa Tanzania na kuyapa kichwa kinachosema wanageuza wali kuwa pilau. Ni tamathali nzuri, na naamini mpishi yeyote wa Buyenzi ataikubali: wali ni ule ule, ila umetiwa viungo.

Tuwaiteje watu hawa? Darasani tunasema mfasiri hushughulika na maandishi na mkalimani hushughulika na mazungumzo. Mashabiki hawakungoja ufafanuzi wetu, wakasema sinema imetafsiriwa. Kirundi na Kinyarwanda vinatumia kitenzi gusobanura, kueleza, na kwa maoni yangu hicho ndicho kinacholenga shabaha. Msimulizi wa video hakutafsiri kila sentensi. Alipunguza sauti ya picha, akatangulia kutaja nani ni nani, akawapa wahusika majina ya kwetu, akamkemea mwovu, akakumbusha yaliyopita kwa ajili ya aliyechelewa kuingia, na katika pigano lenyewe akaongeza milio ya mdomo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi atatambua mara moja kwamba huyu ni mtambaji wa hadithi aliyepewa picha.

Wapo wanaolalamika kwamba sauti hiyo iliharibu kazi ya wenyewe. Lalamiko hili halina nguvu kwa filamu hizi hasa. Studio za Hong Kong za miaka ya 1970, Shaw Brothers na Golden Harvest, zilikuwa na desturi ya kupiga picha bila kurekodi maneno, kisha waigizaji wa sauti wakayatia studioni, mara nyingi kwa Kimandarini, ingawa wakazi wa mji huo husema Kikantoni. Baadaye yakatiwa tena kwa Kiingereza kwa ajili ya soko la nje. Katika Fist of Fury sauti unayoisikia kwa kawaida si ya Bruce Lee kabisa. Msimulizi wa Kiswahili aliweka tabaka la tatu juu ya tabaka la pili. Aidha, Asia Mashariki yenyewe iliwahi kuwa na wasimulizi hawa. Zama za sinema bubu, kila jumba la Japani lilikuwa na benshi aliyesimama kando ya pazia akieleza picha, na baadhi yao walipendwa kuliko waigizaji. Kaka yake Akira Kurosawa, Heigo, alikuwa benshi. Sinema zenye sauti zikawanyima kazi, naye akajiua mwaka 1933. Huko sauti iliua kazi, kwetu sauti ngeni ndiyo iliyoizaa.

Lakini msimulizi alikuwa nusu ya shule. Nusu nyingine ilikuwa mabishano ya watazamaji baada ya picha, njiani na baharini, kama watu wa Rumonge wanavyoweza kuliita ziwa. Msamiati wa mabishano hayo ulifika umekamilika kutoka Tanzania: stelingi ni shujaa, mpinzani wake ni adui, picha ni mkanda, na kila kinachotoka Hong Kong, Japani au Korea ni Kichina au karate. Wenye mazoea ya Kifaransa, hasa upande wa Kongo, humwita shujaa acteur na mkuu wa wabaya chef bandit, kwa hiyo ukisikiliza vijana wawili wakibishana unaweza kukisia ukoo mmoja ulikimbilia wapi na mwingine wapi.

Mada za ubishi nazo zilikuwa na mpangilio wake. Nani zaidi, Bruce Lee au Jackie Chan? Wa upande wa kwanza husema Bruce hacheki na hapotezi muda, na hutaja alivyomwangusha Chuck Norris kule Roma katika The Way of the Dragon ya mwaka 1972. Wa upande wa pili hujibu kwa Drunken Master ya mwaka 1978: huyu hupigwa, huumia, hukimbia, hutumia ngazi na kiti, yaani ni mtu kama sisi. Mimi niko upande wa pili, lakini hoja ya kwanza ni rahisi kuitetea kwa sauti kubwa. Halafu huja swali la The 36th Chamber of Shaolin, nayo ya 1978, ambamo Gordon Liu hubeba maji na kugonga kengele kwa sehemu kubwa ya picha kabla ya kupigana na mtu. Wengine huona inachosha. Wavuvi niliowahi kuwasikia waliipenda kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kazi ikifundishwa hatua kwa hatua.

Kanuni iliyotawala mabishano yote ni hii: stelingi hafi. Na kanuni hiyo ilivunjwa mapema kabisa na Fist of Fury. Chen Zhen amelipiza kisasi cha mwalimu wake, chuo chake kimezingirwa, anatoka nje, anaruka kuelekea kwenye bunduki, picha inaganda hewani na milio inasikika. Alikufa au hakufa? Nimesikia watu wazima wakilibishania suala hili kwa vifungu kama mawakili: hatukuona maiti, kwa hiyo hakufa, bunduki zimelia, kwa hiyo amekufa, ameruka, kwa hiyo yuko juu bado. Utaratibu wa kutoa dai, kulitetea kwa ushahidi na kumwachia mwenzako zamu ni ule ule tunaouhangaikia katika somo la insha ya kujadili.

Filamu hiyo hiyo ina jambo jingine ambalo watu wa fani yetu hatuna budi kulitazama. Inapoanza, Wajapani wa Shanghai wanaleta kwenye matanga ya mwalimu ubao wa kuwatukana Wachina, na anayeuleta na kusoma tusi ni mkalimani, Mchina mwenzao aitwaye Wu. Ndiye anayechukiwa bandani kuliko adui mwenyewe, na Chen Zhen hamsamehi. Mwambao huu uliujua ukalimani wa namna hiyo, kwani Wajerumani na Wabelgiji walitawala kupitia watu wa kati waliojua lugha mbili, na si wote waliokumbukwa kwa wema. Basi ilikuwa ajabu kidogo kumsikia msimulizi wa Kiswahili, mkalimani wa watu wa chini, akimlaani mkalimani wa mabwana kwa sauti yake mwenyewe.

Serikali ya China iliitambua njia hii baadaye sana. Mwezi Novemba 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania ilianza kuonyesha tamthilia ya Dou Dou na mama wakwe zake ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili, kila mhusika na sauti yake, na kampuni ya StarTimes ikaendelea na kazi hiyo. Kiswahili chake ni safi na kinafaa darasani. Hakina mtu wa kukukumbusha nani ni nani.

Muhula uliopita niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili dakika tano za Drunken Master bila sauti, nikawaomba wasimulie kwa zamu. Tulikwama dakika nyingi kwenye neno moja, sifu, ambalo Wachina humwitia bwana anayekufundisha kazi au ngumi. Waliotoka bara walisema mwalimu. Kijana wa Nyanza-Lac aliyezaliwa Tanzania akasema babu, kwa sababu ana ndevu nyeupe na ni mlevi, na mwalimu halewi. Binti wa Rumonge akasema ustadhi. Wakamcheka kwa ajili ya ile chupa. Akafikiri kidogo, akasema basi ni fundi, maana fundi anaweza kulewa na bado ukapelekwa kwake ujifunze kazi. Tuliandika fundi ubaoni, tukaendelea na pigano.